Plato ya Meno Thelathini na Nne

Gitega, Jumapili, saa nane mchana

Fideli mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umekula sahani mbili za maharage, umebishana na mama yako kuhusu sweta, halafu umeazima baiskeli ya jirani na kwenda Itaba kumuaga bibi yako. Ya kwako iko hapa ukutani mbele yangu, imesafishwa, inasubiri gari la kesho alfajiri la kwenda Muyinga. Ukirudi jioni barua hii itakuwa imeshaingia ndani ya begi lako, chini ya soksi. Usiisome hapa nyumbani nikiwa nakutazama. Isome ukifika.

Mama yako ameniagiza nikuandikie habari za chandarua, za sabuni, za kusali, na za kutokula vitu vya barabarani. Sitaandika hata moja. Atakuambia mwenyewe mara nne kabla hujalala, na mara ya tano dirishani mwa gari.

Mimi nakuandikia habari za plato. Ndiyo, plato, lile gurudumu la meno linalokaa kwenye mkono wa pedali na kuvuta mnyororo. Najua utacheka. Umri wote huu, baba ana neno moja la kumwambia mwanawe anayeondoka, na neno lenyewe ni chuma. Cheka ukimaliza, lakini kwanza ujue jambo moja ambalo sikukuambia mezani. Kocha wa Muyinga alikupa wiki tatu za majaribio. Kwa sababu ya mdomo wangu, wiki tatu zimekuwa siku moja. Na wewe na mimi tunakumbuka daktari alisema nini kuhusu goti lako la kulia: likivimba tena vile, baiskeli basi. Kwa hiyo plato utakayofunga siku hiyo moja ndiyo itakayoamua kama wewe ni mwendeshaji au unarudi kulima kile kipande chetu cha Itaba ambacho hata mbuzi hakimtoshi.

Hayo ya mdomo wangu nitayafikia. Kwanza nianzie mbali kidogo.

Wewe unajua nilikuwa mbeba ndizi. Umekua ukisikia sifa zangu, na nyingi nilizisema mwenyewe. Usichojua ni kwamba katika miaka yangu kumi na minne ya barabara sijawahi kupanda mlima.

Usishtuke. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, mimi na bibi yako, shamba la babu yako tulilikuta lina mwenyewe mwingine, na nusu tuliyogawiwa haikuwa ya kulisha mtu mzima. Nikajifunza baiskeli. Nilikuwa nakusanya ndizi hapa Gitega, mikungu sita, saba, naifunga nyuma na ubavuni, nateremka nayo hadi Bujumbura. Baiskeli zetu zilikuwa na plato moja tu mbele, na nyuma kidude kimoja tu cha meno, hakuna gia. Kuteremka ni kuachia tu na kumwomba Mungu breki. Na kurudi? Kurudi ulikuwa unasubiri lori chini ya mlima, likianza kunguruma unalikimbilia, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, unavutwa hadi Bugarama, kileleni, kama mzigo. Sote tulifanya hivyo. Wawili katika kundi letu tuliwazika kwa sababu hiyo, na wiki iliyofuata tukashika tena.

Sasa mtu wa namna hiyo anajua nini kuhusu plato? Anajua moja tu, kwamba kubwa ni nzuri. Kubwa ukiwa unateremka inakupeleka. Jioni tukikaa tulikuwa tunahesabiana meno. Huyu ana arobaini na nne, yule arobaini na nane, mwenye mengi ndiye mwanaume. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kubwa hiyo inapanda vipi, kwa sababu kupanda hakukuwa kazi ya plato, ilikuwa kazi ya lori. Nimezeeka na ujinga huo, na nilikuwa naona fahari nao. Halafu nikakulea juu yake.

Unakumbuka baiskeli hii ilivyokuja. Ya kosi, yaani ya mashindano, nyembamba, imetoka Ulaya ndani ya kontena, imepita mikono ya watu hadi ikanifikia mimi. Ilikuwa na mkono wa pedali wenye vidole vitano, na plato zake mbili zilikuwa zimelika hadi meno yamebaki ncha. Ulikuwa na miaka kumi na saba na ulilala nayo chumbani. Nikakuambia niachie, nitakutafutia plato za kiume.

Nikaenda kwa Jumaine. Unamjua, fundi wa baiskeli pale karibu na msikiti, ambaye baba yake alikuwa fundi na babu yake alikuwa fundi, na ambaye anaweza kukuambia shida ya baiskeli kwa kusikia ikipita. Nikaona ukutani kwake plato ya meno hamsini na tatu. Fideli, ilikuwa inang'aa kama sinia ya harusi. Hamsini na tatu. Nikawaona wenzangu wa ndizi wote wanainama mbele yangu.

"Nipe ile," nikasema.

Jumaine akaishusha, akaiweka juu ya mkono wako wa pedali, akatikisa kichwa. "Mzee Melki, hii haiko ya huu mukono."

"Vidole vitano, matundu matano. Mimi najua kuhesabu."

"Ego, ndiyo, tundu iko tano. Mais angalia. Za plato ziko mbali, za mukono ziko karibu. Haziwezi kuonana. We unataka hamusini na tatu, itabidi utafute na mukono yake." Akavuta sanduku, akatoa plato mbili zilizofungwa kwa waya. "Hizi ziko za huu mukono. Hamusini na tele-na-ine."

Hivyo ndivyo anavyosema thelathini na nne, na mimi badala ya kusikiliza anachosema nikacheka anavyosema. Nikaishika ile ndogo, nikamuuliza kama ni plato au ni kisosi cha chai. Nikamwambia mwanangu si mzee wa kanisa. Na mbele ya wateja wake watatu nikamwambia fundi huyo kwamba chuma ni chuma, kinapindwa, na kwamba ana uvivu tu. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikatoka na hamsini na tatu yangu kwapani.

Nikaipeleka kwa mchomeleaji wa mageti. Alinikatia vipande vitano vya bati nene, kila kimoja nikakitoboa huku na huku, upande mmoja nikaufunga kwenye kidole cha mkono, upande wa pili kwenye plato. Madaraja matano. Nilijiona mhandisi. Na plato ndogo sikuiweka kabisa. Ya nini plato mbili, mnyororo ni mmoja tu.

Ulipanda, ukarudi baada ya nusu saa, ukasema mnyororo unalia na unaruka. Nikakujibu mwendeshaji mbovu husingizia baiskeli. Ulipanda tena, ukarudi, ukasema baba, plato inayumba, imekaa nje kuliko inavyotakiwa, mnyororo unavutwa upande. Ulikuwa sahihi kwa kila neno. Vile vipande vyangu viliisogeza nje kwa unene wao wote, na hakuna hata kimoja kilicholingana na mwenzake. Nikakujibu nini? Nikakuuliza nani ameendesha miaka kumi na minne, wewe au mimi.

Kisha tukaenda kwenye yale mashindano ya Muyinga, mwaka jana.

Nitayaandika haraka, kwa sababu mkono wangu hautaki. Tambarare yote ulikuwa na wale wa mbele. Watu wa Gitega tuliokuja tulikuwa tunaimba. Halafu ukaja ule mlima wa kuingilia mjini, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake. Nikawaona wenzako wanabonyeza kidogo kwenye usukani, mnyororo unashuka kwenye plato ndogo, miguu inazunguka upesi upesi kama wanasaga. Wewe hukuwa na pa kushukia. Ulikuwa na hamsini na tatu peke yake. Ulisimama juu ya pedali, ukawa unasukuma kama mtu anayeng'oa kisiki, mzunguko mmoja, pumzi, mzunguko mmoja. Ukanipita karibu kiasi cha kukushika bega. Na mimi, baba yako, nikapiga kelele. Nilisema kanyaga. Nilisema acha kulala. Nilisema usinitie aibu mbele ya watu wa Muyinga.

Ukakanyaga. Huo ndio ubaya wako, unanitii. Mita kama mia mbili mbele nikasikia ukilia, ukashuka, ukamaliza mlima ukisukuma baiskeli huku mguu mmoja ukiuburuta.

Miezi mitano goti hilo lilikuwa kama embe. Mama yako alikukanda kwa maji ya moto, mimi nikakaa nje na kuwaambia majirani kwamba vijana wa siku hizi hawana subira, mazoezi hawataki. Nilisema hivyo na wewe ukiwa umelala ndani, dirisha wazi. Sijui kama ulisikia. Nadhani ulisikia.

Aliyenivua nguo ni mama yako. Siku moja alikuwa anamwaga yale maji ya moto uani, akasema kwa utulivu kabisa, hata hakunitazama: "Melki, wewe ulivutwa na lori. Mtoto ulimpa nini kimvute?"

Bado sijamjibu, labda hii ndiyo barua yake pia.

Basi ndipo wakaja wenye hekima. Wajomba zako wakaja, na yule shemasi mwenye koti la kahawia akaja nao. Wakala, wakafuta midomo, wakaanza. Kwamba goti ni ishara. Kwamba mtoto wa mkulima akae alime. Kwamba Mungu amefunga mlango huo, na mlango akiufunga Mungu binadamu asiusukume. Wakaniambia niuze baiskeli hii ninunue jembe na mbolea. Nikawaacha wamalize, maana nililelewa kuheshimu. Halafu nikamwambia shemasi: Mungu hakufunga bolti zile. Nilizifunga mimi, kwa spana ya kumi na mbili, na nitazifungua mimi.

Hawajarudi kula tena, na mama yako anasema nilikuwa mkorofi. Nilikuwa mkorofi. Fideli, mimi nimeambiwa kaa maisha yangu yote. Kambini Kasulu tuliambiwa kaa, usitoke nje ya mpaka wa kambi. Tuliporudi tukaambiwa kaa, shamba lina mwenyewe. Kila mwenye koti na cheo ananikalisha, na kila anayenikalisha anasema ni kwa faida yangu. Nimechoka. Wewe hutakaa. Hata kama mimi ndiye niliyekuvunja, na hasa kwa sababu ni mimi, hutakaa.

Siku ya pili nikachukua mkono wa pedali na madaraja yangu yote matano, nikaenda kwa Jumaine. Tulikuwa hatujasalimiana mwaka mzima. Nikamkuta amechuchumaa, nikasimama mbele yake, nikasema, "Nimekuja unitukane."

Akanitazama, akatazama vile vipande vya bati, akaguna. "Mi siko na muda ya kutukana mutu, mzee. Kaa. Shika hapa."

Nikakaa. Kijana wa miaka thelathini akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilijifunza zaidi kwa saa ile kuliko barabara ya Bugarama kwa miaka yote. Nakuandikia kwa sababu huko uendako hutakuwa na Jumaine, na kuna watu watakuletea plato nzuri zinazong'aa.

Ukitaka kujua kama plato ni ya mkono huo, usihesabu matundu. Kila mjinga anahesabu, na mimi ni ushahidi. Pima. Na kupima kwenyewe kuna mtego, maana matundu yakiwa matano hakuna tundu linaloangaliana na lenzake. Ukiweka rula katikati unajidanganya. Weka rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake. Kwa mkono wako ni sentimita sita na nusu, kasoro unywele. Kwa ile hamsini na tatu ni saba na nusu na kidogo zaidi. Sentimita moja tu, Fideli, na ndani ya sentimita hiyo goti lako liliingia. Na kama mkono wa mtu una vidole vinne usiuguse kabisa, hizo ni kabila jingine.

Ukizigeuza plato utaona ile kubwa ina vijipini upande wa ndani. Hivyo ndivyo vinavyounyanyua mnyororo kutoka kwa ndogo. Jumaine anasema kubwa na ndogo zinatengenezwa pamoja, zinajuana, ukimpa mmoja mwenzi asiye wake mnyororo unabaki katikati kama mtu aliyefukuzwa nyumba mbili. Na zote mbili ziwe za baiskeli ya gia kumi nyuma kama yako, kwa sababu mnyororo wako ni mwembamba, plato ya zamani nene unaipanda kwa shida. Huko watakuambia funga kubwa hamsini na tatu na ndogo thelathini na nne, upate dunia zote mbili. Kataa. Kwanza mkono hauzikubali kwa pamoja. Pili, kile kinachosukuma mnyororo pale mbele, Jumaine anakiita deraya, kinaweza tofauti ya meno kumi na sita tu, zaidi ya hapo kinaangusha. Hamsini kutoa thelathini na nne ni kumi na sita. Nimekuwa nikiirudia hesabu hii kitandani hadi mama yako akanigeuzia mgongo.

Nilimuuliza kwa nini hakunizuia siku ile, mbele ya wateja. Akafuta mikono kwa kitambaa. "Nilikuzuia, mzee. We uliskia kisosi."

Sasa nifike kwenye mdomo wangu.

Juzi Ijumaa, ulipokuwa kazini, kocha wa Muyinga alipiga simu yako uliyoiacha mezani. Nikapokea. Tulianza vizuri sana, tukasalimiana, tukamsifu Mungu. Akauliza baiskeli imefungwaje. Nikamwambia kwa majivuno yote ya mtu aliyejifunza jana: hamsini na thelathini na nne.

Akacheka. "Mzee, huku kwetu macoureurs wote wanapanda na cinquante-trois. Tele-na-ine iko ya mademoiselles."

Waendeshaji wote hamsini na tatu, yangu ya mabinti, ndivyo alivyosema. Mwanangu, ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sawa kocha, tutaonana. Lakini nikasikia sauti yangu mwenyewe, ile ya kwa Jumaine, ya kisosi, inatoka kwenye simu na kunicheka, na damu ikanipanda. Nikamwambia, "Kama ni ya mabinti, basi mabinti wa Burundi wamekuzidi akili."

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake. Halafu akasema polepole, "Sawa, mzee. Wiki tatu hakuna. Akuje. Jumanne tunaenda Buhinyuza, turudi. Akibaki nyuma kwenye mlima ya kurudi, Jumatano atapanda gari ya kwenu. Donc ni hivyo."

Ni hivyo. Sikukuomba ruhusa, na kwa siku mbili nimekutazama ukipanga nguo za wiki tatu nikashindwa kufungua mdomo ule ule uliofunguka upesi kwenye simu. Naomba usiseme baba alinitetea. Sikukutetea, niligombana kwa niaba yangu, nawe ndiye utakayelipa kwa miguu. Lakini nilichosema sikifuti. Angenirudishia simu sasa hivi ningelisema tena, labda kwa adabu zaidi kidogo, na labda nisingeweza.

Hivi ndivyo nilivyofunga. Kwenye baiskeli kuna hamsini na thelathini na nne, kwenye mkono wao halali, bolti tano mpya na nati zake. Deraya nimeiteremsha ilingane na hii kubwa ya hamsini, milimita mbili juu ya meno, na mnyororo nimeupunguza. Ndani ya gunia dogo jeupe utakuta ile hamsini na tatu pamoja na mwenzake wa thelathini na tisa, na mkono wa pedali wa saizi yao, wa kweli, hakuna bati wala daraja. Jumaine alinitafutia, na nimeujaribu kwenye ekseli yako, unakaa sawasawa. Humo kuna pia mnyororo mrefu, na kwenye fremu nimeweka alama ya kalamu kuonyesha deraya inyanyuliwe hadi wapi. Ni kazi ya saa moja, na spana zako unazo.

Nilitaka kuikata hiyo hamsini na tatu kwa msumeno. Jana nilikuwa nimeshaibana kwenye jiliwa. Nikafikiri, Melki, umeanza tena, unamchagulia. Nikaifungua, nikaifuta mafuta, nikaitia kwenye gunia.

Kwa hiyo zote mbili zinaingia. Kazi ya fundi imekwisha. Kocha ana yake ya kusema, na pengine kuna kitu anakijua kuhusu tambarare ya huko ambacho mimi sikijui. Wenzako watacheka wakiona kile kisosi. Msikilize kila mtu, hata mimi, halafu usikilize goti. Ukifunga hamsini na tatu nitakasirika, tena nitakasirika kwa muda mrefu, unanijua. Lakini nitakasirika nikiwa huku Gitega, sitakuja kusimama mlimani.

Limebaki moja. Asubuhi hii wewe na mama yako mlipokwenda kanisani, nilisema kichwa kinauma. Kichwa hakikuuma. Niliichukua baiskeli yako, nikaipeleka hadi bondeni, pale barabara ya Itaba inapoanza kupanda, na nikapanda juu yake na suruali yangu ya shambani na kandambili. Nilitaka kujua nimekufungia nini.

Mwanzo nilikuwa kwenye plato kubwa, kwa kiburi. Kona ya kwanza mapaja yakawaka. Nikabonyeza kama nilivyoona wale vijana wakibonyeza, mnyororo ukashuka, na miguu ikazunguka. Watu wa kanisani walikuwa wanapita, wananitazama, mzee na kandambili juu ya baiskeli ya kosi. Wakanisalimu kwa adabu, ile adabu ya kumsalimu mgonjwa. Nikaendelea. Katikati ya mlima nikasikia lori nyuma yangu, la mchanga, linapanda taratibu. Lilipofika ubavuni mkono wangu wa kushoto ulinyanyuka wenyewe. Naapa sikuuagiza. Dereva akatoa kichwa, akapunguza mwendo, akasema, "Fata, mutama." Shika, mzee. Kwa huruma kabisa.

Nikamwambia oya, hapana. Nikaurudisha mkono kwenye usukani, nikamwacha apite, nikameza vumbi lake.

Baada ya hapo ulikuwa mlima tu na mimi. Nilidhani naujua. Nimeupita ule na mingine kama ule mara zisizohesabika. Nilikuwa najua kona zake, najua mahali lori hubadilisha gia, najua wapi pa kuachia. Lakini kila nilipoinua macho bado ulikuwepo. Nilikohoa, nililia kidogo, nilimwita mama yangu, nilikaribia kushuka mara tatu, na nilikuwa na ile plato ndogo ya meno thelathini na nne, sikuwa na mzigo, wala hakuna mtu aliyesimama pembeni kunipigia kelele.

Nilifika. Nikakaa chini kwenye majani, na nilichofikiri pale juu si ushindi. Nilikufikiria wewe kule Muyinga na hamsini na tatu yangu.

Fideli, sikujua kwamba mlima ni mrefu kiasi kile. Umri wote huu, sikujua. Nisamehe.

Baba yako,
Melkiori